Uzi Mwekundu kwenye Kalenda ya Bwana Stoo

Mimi nikiambiwa jambo nisilolielewa, hujibu "ndiyo". Sipendi uongo, ila nikiuliza watu hugeuka kunitazama, na nikitazamwa masikio hupata moto na maneno hukimbia. Basi husema ndiyo, kisha nakwenda kujaribu mwenyewe pembeni. Mashine ya kupigia pasi mashuka niliijua hivyo. Kuchanganya dawa ya kuondoa madoa ya damu niliijua hivyo hivyo, baada ya kuharibu foronya sita ambazo mpaka leo hakuna anayejua zilikwenda wapi.

Nina miaka kumi na miwili katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, mahali ambapo wenyewe tunapaita dobini. Hapo wananiita Kimya. Kwa muda wote huo ndiyo yangu haikuwahi kunitia matatani, mpaka siku nilipowatoa watu uani kutazama jua likipatwa, nalo jua likakataa.

Nitaanza na Bwana Stoo, maana bila yeye nisingekuwa na la kueleza.

Bwana Stoo alikuwa mtunza stoo yetu kwa miaka thelathini na minne. Ni mtu mfupi, mwenye mabega ya kubeba marobota na vidole vyembamba kama vya mshonaji. Alikaa nyuma ya dirisha ambalo wauguzi huja kuchukulia mashuka safi. Pembeni ya dirisha upo ubao mweusi uliowekwa kwa ajili ya idadi ya mashuka: wodi fulani ishirini, wodi fulani kumi na nne. Yeye aliugawa kwa mstari. Chini yakabaki mashuka, juu akaandika Neno la Leo.

Kila siku saa moja asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, alichana karatasi moja kutoka kwenye kalenda nene iliyoning'inia msumarini, zile kalenda ambazo kila siku ina karatasi yake. Mbele pana tarehe, nyuma pana maarifa. Alisoma nyuma, akakohoa, akachukua chaki. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba twiga ana mifupa saba shingoni sawasawa na mimi. Kwamba pweza ana mioyo mitatu. Kwamba mwanga wa jua hutumia kama dakika nane kutufikia, hivyo jua tunaloliona ni la dakika nane zilizopita. Hilo la jua lilinisumbua wiki nzima. Nilikuwa nikitoka nje naangalia kivuli changu najiuliza ni cha sasa au cha dakika nane zilizopita.

Siku moja aliandika kwamba maneno meza na bendera tuliyapata kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, sabuni na kitabu kwa Waarabu. Bwana Boila, fundi anayechochea moto wa mitambo yetu, alisimama mbele ya ubao mikono kiunoni.

"Sasa sisi wenyewe tulikuwa na nini?" akauliza. "Kila kitu cha kuazima!"

"Kufua," Bwana Stoo akamjibu bila kugeuka. "Kufua ni kwetu. Rudi kazini."

Mimi niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nimeyapata kwenye ule ubao, nusu ya juu.

Mwaka jana, mwishoni mwa Desemba, Bwana Stoo alistaafu. Siku yake ya mwisho lilikuja gari la sabuni, watu wanapokezana mifuko, na katikati ya vurugu hiyo akanivuta pembeni. Akanipa chaki, boksi lililojaa kalenda, na kopo la maziwa lenye mfuniko.

"Mdogo wangu, ubao nakuachia wewe. Mwandiko wako umenyooka." Kisha akaanza kunieleza. Alieleza kwa haraka, huku mtu anapita na mfuko begani, huku dereva anapiga kelele atiwe sahihi. Nilishika maneno matatu tu: kalenda ya juu kabisa, uzi, kopo.

"Umeelewa?"

"Ndiyo," nikasema.

Akanipiga bega. "Nilijua."

Kalenda ya juu kabisa ilikuwa kitu cha ajabu kidogo. Haikuwa na jalada la duka. Jalada lake lilikuwa kadibodi ya boksi la sabuni, na karatasi zake zilishonwa juu kwa uzi mweupe, mshono mdogo mdogo wa subira. Karatasi nyingi zilikuwa na makunyanzi. Hapa na pale, kwenye pembe, karatasi moja ilikuwa na mshono wa uzi mwekundu, kama herufi x. Nikajua ni urembo. Bwana Stoo alipenda vitu vyake viwe nadhifu. Ila ule uzi ulinizuia kubandika karatasi vizuri ubaoni kwa pini ili niinakili, kwa hiyo kila nilipoukuta niliukata kwa mkasi, nikanyoosha pembe, nikaandika. Kopo nalo nililifungua nikaona karatasi zimekunjwa, nikadhani ni zilizoharibika. Nikaliweka juu ya rafu, nikaweka pini zangu juu ya mfuniko.

Tarehe zilikwenda sawa. Kalenda ikisema Jumatatu ya tarehe tano, ni Jumatatu ya tarehe tano kweli. Mambo mengine ndiyo yalinitatiza. Siku moja nyuma ya karatasi paliandikwa, "Leo mwezi mpevu." Nikaliandika. Jioni nikatoka nje ya chumba changu kuutazama, nikakuta anga tupu, nyota tu. Nikasubiri, nikachoka, nikaingia ndani. Nikafikiri labda mwezi nao una foleni yake. Siku nyingine kalenda ilitangaza kwamba mpango fulani wa posta "utaanza mwezi ujao", na karani wa barua alipopita dirishani akasema, "Mbona huo ulishaanza na ukafa?" Nikasema ndiyo. Alinitazama kidogo, akaenda zake.

Sasa nimlete Mama Cherehani.

Mama Cherehani hushona mashuka yaliyochanika. Chumba chake kinatazamana na dirisha la stoo, na akiacha mlango wazi anausoma ubao bila kuinuka. Ni mjane, wa umri wangu au pungufu kidogo, na ana ulimi. Alikuwa mtu pekee dobini aliyeweza kunisemesha nikajibu zaidi ya neno moja, kwa sababu hakunitazama anaponiongelesha. Alitazama sindano.

"Kimya, leo umetuandikia nini? Ati asali haiozi? Kwani asali yangu mbona inaisha?"

"Inaliwa."

"Aa, basi ndiyo dawa ya kuoza. Asante, mwalimu."

Mwalimu! Siku hiyo nilipiga pasi mashuka mia mbili na sikuhisi mkono.

Mama yake alikuwa amelazwa wodi namba nne kwa miezi miwili, nyonga imevunjika. Bibi huyo macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga na kivuli tu. Kila jioni Mama Cherehani alimpelekea Neno la Leo kabla ya kumpelekea uji. Wauguzi walisema bibi akikosa neno hakubali sindano. Basi mimi nikawa naandika nikijua kwamba maneno yangu yatapita mkononi mwa Mama Cherehani, yaende yakasemwe kwa sauti yake. Sikuwahi kuoa. Watu hudhani nimekataa, kumbe posa ni kuuliza swali. Lakini mwaka huu nilianza kufikiri kwamba mtu anaweza kufika mbali kwa kuandika ubaoni tu, kidogo kidogo, kama maji yanayopenya pindo.

Alhamisi moja nikachana karatasi. Pembeni pana uzi mwekundu. Nikaukata. Nyuma pameandikwa: "Leo jua litapatwa. Litaanza saa saba na robo mchana. Usilitazame kwa macho. Toboa tundu dogo kwenye kadibodi, uache mwanga upite uangukie kitu cheupe, utaona umbo la jua likiliwa na mwezi."

Nililiandika kwa herufi kubwa mpaka likala nusu ya nafasi ya mashuka.

Ilipofika saa nne hospitali nzima ilikuwa imejua. Msichana wa famasia alikuja dirishani na simu yake. "Mbona huku hakuna kitu? Hata redio haijasema."

Bwana Boila akamjibia. "Huu ubao una miaka zaidi ya umri wako, binti. Haujawahi kusema uongo. Simu yako wewe inajua kufua?"

Msichana akacheka, akaenda kutafuta kadibodi.

Mama Cherehani alizitoboa yeye mwenyewe, kadibodi za maboksi ya sabuni, kwa sindano yake nene ya kushonea turubai. Tukatandaza shuka jeupe kwenye kamba ya kuanikia, uani. Metroni, mkuu wa wauguzi, akaruhusu wagonjwa wanaoweza kukaa watolewe nje nusu saa. Na wodi namba nne wakamleta bibi kwenye kiti cha magurudumu, kitambaa kipya kichwani.

"Niliwahi kuliona likipatwa nikiwa mtoto," alikuwa akiwaambia wanaomsukuma. "Kuku waliingia bandani mchana. Mama yangu alinishika mkono. Sikudhani Mungu angenipa la pili."

Saa saba na robo ikafika. Watu kama arobaini wameinua kadibodi, na kwenye shuka pakajaa vidoa vya mwanga, mviringo, vizuri, kama vifungo vilivyomwagika.

"Limeanza?" mmoja akauliza.

"Bado."

"Changu naona kimeliwa pembeni."

"Hicho kimeliwa na kidole chako, toa kidole."

Saa saba na nusu vifungo vikabaki vifungo. Saa nane kasoro robo mtu mmoja akasema labda mwezi umechelewa usafiri, wakacheka, wakaanza kuondoka wawili wawili. Nilikuwa nimesimama karibu na kiti cha bibi, nimeshika karatasi ya kalenda, nasoma tena na tena. Tarehe ile ile. Alhamisi ile ile. Robo saa na robo saa nyingine. Kichwa changu kilikuwa kama ngoma ya mashine inapozungusha maji, kitu kinapita mbele yangu lakini sitambui ni nini.

Upepo ukavuma. Shuka likapepea kwenye kamba, likamtia bibi kivuli usoni, kisha likarudi.

Bibi akanyanyua uso. "Limepatwa?" Akaupapasa mkono wangu akaushika. "Wewe ni nani? Ni mwenye ubao? Mwanangu, limepatwa?"

Wote waliobaki waligeuka. Masikio yakashika moto.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akavuta pumzi ndefu. Akasema, "Nimeusikia ubaridi wake. Ule ule."

Nikainua macho. Mama Cherehani alikuwa nyuma ya kiti, kadibodi mkononi, ananitazama mimi na si sindano.

Alikuja dirishani saa kumi, wakati wa kufunga.

"Umemwambia mama yangu nini?"

Nikashika kufuli.

"Nimemkuta wodini anawasimulia. Ati ubaridi, ati giza, ati kuku. Wanawake wa vitanda vya jirani wanaziba midomo kwa kanga wasicheke. Mama yangu ni mtu mzima, si wa kuchekwa kwenye mashuka ya serikali. Kukosea, watu wote wanakosea. Lakini wewe ulikuwa umeshajua kwamba hakuna jua lililopatwa, na ukamwambia ndiyo. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Haya. Jumapili anaruhusiwa kurudi nyumbani. Kabla hajatoka kwenye ile wodi utakwenda mwenyewe, umwambie kwa mdomo wako. Na mimi uniambie hilo jua ulilipata wapi. Ukishindwa, Kimya, kesho yake ukiandika nitafunga mlango wangu. Sitasoma tena."

Akaenda. Nikabaki na kufuli mkononi.

Ijumaa sikuandika kitu. Niliweka kalenda mezani nikaikagua kama mtu anayetafuta chawa kwenye mshono. Ijumaa ilikuwa Ijumaa. Kesho yake Jumamosi. Mwezi wenye siku thelathini ulikuwa na thelathini. Kitu kinachosema kweli kuhusu leo, kinasemaje uongo kuhusu saa saba mchana ya leo hiyo hiyo? Nililiuliza swali hilo moyoni mpaka likachakaa.

Bwana Boila akaja na kikombe chake. "Usijitese, ndugu. Mimi nashangaa jambo moja tu. Jana ilikuwa siku ya kuzaliwa ya binti yangu wa pili. Na siku ile anazaliwa, mchana ule ule, jua lilipatwa kweli. Nilikuwa nje ya wodi ya wazazi, nikaona nuru imekuwa kama ya jioni. Ndiyo maana nyumbani tunamwita Giza. Sasa jana nilipousoma ubao nikasema, ehe, Giza analetewa zawadi yake."

"Ana miaka mingapi?"

Lilikuwa swali, na nililiuliza kabla sijagundua kwamba nauliza.

"Kumi na saba. Kwa nini?"

"Ndi... hapana. Hamna kitu."

Lakini ile kumi na saba haikunitoka. Jumamosi mchana, baada ya zamu, nikafunga kalenda na kopo ndani ya mfuko nikaenda nyumbani kwa Bwana Stoo.

Nilimkuta sebuleni, kivuli cha dirisha kikiwa magotini kwake, anashona. Mezani palikuwa na marundo ya karatasi za kalenda yamewekewa mawe yasipeperuke.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa hapo, usikanyage Machi."

Nikaikwepa Machi, nikakaa. Nikamtolea karatasi ya Alhamisi. Akaisoma nyuma, kisha akaigeuza, akapapasa pembe kwa kidole gumba.

"Uzi wake uko wapi?"

"Niliukata."

"Uliandika hii? Ubaoni?"

"Niliiandika. Watu wakatoka. Na wagonjwa."

Bwana Stoo aliweka sindano chini. Alinitazama kwa muda, midomo inacheza, nikadhani atanitukana. Kumbe alikuwa anazuia kicheko, na kikamshinda, akacheka mpaka akajifuta macho kwa Aprili.

"Na Metroni naye alitoka?"

"Alitoka."

"Na kadibodi?"

"Na kadibodi."

"Mungu nisamehe." Akatulia. "Haya. Lete hiyo kalenda. Geuza jalada la nyuma. Umewahi kuligeuza?"

Sikuwahi. Ndani ya ile kadibodi paliandikwa kwa penseli miaka mitatu, mmoja chini ya mwingine. Wa chini ulikuwa mwaka huu. Wa katikati ulikuwa miaka kumi na moja nyuma. Wa juu kabisa ulikuwa miaka sita nyuma ya huo. Nikajumlisha kwa vidole. Kumi na saba.

"Siku hazichakai, mdogo wangu," akasema. "Mwaka ukiondoka, tarehe zake na siku zake hurudi zikakaa palepale. Pengine baada ya miaka sita, pengine kumi na moja. Mwaka mrefu, wenye Februari ya siku ishirini na tisa, ndio mkorofi, huo hurudi baada ya ishirini na minane. Zamani hospitali ilinunua kalenda za maarifa kila mwaka. Baadaye maduka yakaleta za picha tu, maua, magari. Nikasema mimi nitaandika nini ubaoni, maua? Nilikuwa nimezitunza karatasi zote nilizochana. Nikaanza kuzishona upya. Huu ni mwaka wa kumi na tano nafanya hivyo."

"Kwa hiyo twiga..."

"Twiga ni yule yule. Shingo yake haijali mwaka. Pweza vilevile. Lakini kuna karatasi zinazosema la mwaka wao tu. Mwezi mpevu, jua kupatwa, mradi utaanza lini, leo ni miaka mingapi tangu jambo fulani. Hizo nilizitia uzi mwekundu. Maana yake usiisome, fungua kopo, toa karatasi ya akiba. Nilikueleza yote haya siku ile ya gari la sabuni."

Nikalitazama kopo. Pini zangu zilikuwa bado juu ya mfuniko, zimeng'ang'ania kutu.

"Nilikuuliza kama umeelewa," akasema, sasa bila kucheka. "Ukasema ndiyo. Tena ulisema upesi. Nikajiambia huyu ana akili kunishinda, mimi mwenyewe ilinichukua miaka kuelewa. Nilikwenda nyumbani nakuonea wivu. Mbona hukuuliza?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

Nikaaga. Njiani nilihesabu kila karatasi niliyoikata uzi tangu Januari, nikapoteza hesabu.

Jumapili nilivaa shati langu la pindo zuri, nikaenda wodi namba nne. Bibi alikuwa amekaa kitandani, amevalishwa, mabegi mawili miguuni. Mama Cherehani alikuwa anakunja shuka la kitanda, ingawa si kazi yake. Aliponiona hakunisalimu. Alivuta kiti akakiweka karibu na mama yake, akaendelea kukunja.

Watu wa vitanda vya jirani wakageuka. Nikasikia masikio yangu yanaanza. Nikakaa.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, mwenye ubao."

"Marahaba, mwanangu! Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kusema jambo. Alhamisi jua halikupatwa."

Mkono wake uliokuwa unatafuta wangu ukasimama hewani.

Nikaeleza. Sikueleza vizuri. Nilianza na uzi, nikarudi kwenye gari la sabuni, nikasahau miaka kumi na saba nikairudia, nikamtaja binti wa Bwana Boila bila kusema ni nani. Mwanamke wa kitanda cha pili akaniuliza, "Kwa hiyo kalenda ilikuwa sahihi au haikuwa sahihi?" Nikamwambia ilikuwa sahihi, ila mwaka wake ulishapita. Akasema hajaelewa. Nikamwambia hata mimi nimeelewa jana tu, na nikilala nachanganyikiwa tena. Kisha nikasema lile gumu.

"Uliponiuliza, nilikuwa nimeshaona kwamba hakuna kitu. Nikasema ndiyo. Ule ubaridi ulikuwa shuka, mama. Upepo ulilipeperusha. Nisamehe."

Bibi alishusha mkono. Kope zake zilikuwa zinapepesa juu ya yale macho meupe. Mama Cherehani aliacha kukunja.

"Shuka," bibi akasema.

"Ndiyo, mama."

"Safi au chafu?"

"Safi. Nililipiga pasi mwenyewe."

Akatikisa kichwa polepole. "Sasa nikuulize. Lile la utotoni. Nilikuwa mdogo, mama alinifunika kichwa kwa kanga yake nisiumie macho. Sikuona kwa macho. Niliuliza, mama, limepatwa? Akasema ndiyo. Nikasikia ubaridi." Akageuza uso kuelekea sauti yangu. "Lile lilipatwa kweli, au na mama naye alisema ndiyo tu?"

Wodi nzima ikanisubiri. Ndiyo ilikuwa hapo hapo kwenye ulimi, tayari, imezoea njia. Ingempendeza. Nikafikiri juu ya kuku waliokwenda bandani, lakini kuku huingia bandani hata kwa mvua. Nikageuza jambo hilo huku na huku, na kila upande lilikuwa sawa.

"Sijui, mama," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu mbele za watu. Hakuna aliyecheka. Bibi akaupata mkono wangu, akaupigapiga kama mtu anayetuliza mtoto.

"Na mimi sijui," akasema. "Miaka yote najidai najua. Haya, nipeni fimbo yangu twende nyumbani."

Mama Cherehani alibeba begi moja, mimi la pili, mpaka getini. Hakuniambia asante wala hakuniambia nimesamehewa. Gari lilipokuja alisema tu, "Kesho usichelewe kuandika." Sikujua kama hiyo ni amri au ni kitu kingine. Nililifikiria njia nzima.

Jumatatu saa moja nikachana karatasi ya siku. Haikuwa na uzi. Ilikuwa na jambo zuri kuhusu nyuki, lakini nikaiweka kando. Nikaandika: "Alhamisi jua halikupatwa. Nilisoma karatasi ya miaka kumi na saba iliyopita bila kuuliza. Anayejua litapatwa lini tena, aniambie."

Nilidhani nitaona aibu. Badala yake dirisha lilijaa. Msichana wa famasia alileta tarehe moja kutoka kwenye simu yake, karani wa barua akaleta nyingine, akasema aliisikia redioni. Bwana Boila akaapa kwamba zote mbili ni uongo, kwamba jua hupatwa tu watoto wake wanapozaliwa, na mke wake amekataa kuongeza. Niliandika majibu yote. Hakuna mawili yaliyolingana. Nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko Alhamisi, ila safari hii tulikuwa wengi.

Saa nne, watu walipokwenda kunywa chai, nikaenda kufuta idadi ya mashuka ya asubuhi. Mlango wa Mama Cherehani ulikuwa wazi. Cherehani ikanyamaza.

"Kimya."

"Naam."

"Nimempigia mama simu, anauliza kesho utauliza nini." Alikuwa anatazama sindano. "Na mimi naona hapo chini, umefuta, pamebaki nafasi. Panatosha swali moja dogo. Au hilo nalo lina uzi mwekundu?"

Nikautazama ubao. Kweli, nafasi ilikuwepo, upana wa mkono. Nikatafuta pembeni yake kama mjinga, kana kwamba kweli ningekuta uzi. Sikuelewa kama anatania. Na kwa mara ya kwanza sikutaka kusema ndiyo kisha nikajaribu mwenyewe pembeni.

"Hilo swali," nikasema, "ni la kuandika, au la kukuuliza wewe?"

Mguu wake ulikuwa juu ya pedali ya cherehani, lakini haukukanyaga. Nikasimama pale na chaki mkononi nikimsubiri anijibu.